Mabeki Kwanza, Shemeji Baadaye

Mimi ni mtu wa nyumbani. Watu wakisikia hivyo wanadhani najisifu malezi. Hapana. Nasema tu kwamba nikishavaa zile soksi zangu nene, hata king'ora cha moto kikilia kwenye jengo letu hapa Parramatta, ughaibuni huku kusini mwa dunia, kwanza nataka kujua ni moto wa ghorofa ya ngapi. Kazi yangu ni dereva wa basi, na wanaonijua wanacheka: mwanamke asiyependa kutoka, kutwa yuko barabarani. Lakini mle ndani ya basi mimi nimekaa, nimefunga mkanda. Wanaotoka ni wengine.

Shifti yangu imekatwa katikati. Naanza alfajiri, saa tatu asubuhi naachia basi, kisha narudi tena saa nane mchana kuwabeba wanaorudi makwao. Yale masaa ya katikati ni mali yangu na ya kochi. Ijumaa moja mwishoni mwa Aprili, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa nabonyeza rimoti bila nia yoyote, nikaangukia kwenye uteuzi wa wachezaji wa mpira wa Kimarekani. Sijapona tangu siku ile.

Wamarekani wanaita drafti. Kwetu drafti ni ule mchezo wa kete za vizibo vya soda, kwa hiyo nyumbani tumezoea kusema uteuzi. Timu za kulipwa zinapanga foleni, zilizofungwa vibaya msimu uliopita zinatangulia, na kila moja ikifika zamu yake inamchukua kijana mmoja kutoka vyuoni. Mpira wenyewe ni ule wa kubeba mikononi na kuvaa helmeti. Sheria zake mpaka leo sizijui zote na sina haraka. Mechi zenyewe hazinihusu. Mimi napenda uteuzi, kwa sababu hakuna anayekimbia. Watu wamekaa, wamevaa suti, wanafikiri.

Na wanafikiri vibaya, jamani! Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia. Unakuta timu imefungwa msimu mzima, ulinzi wake unavuja kama paa la banda la kuku, kila mtu duniani anaona kinachohitajika ni watu wa kuzuia. Zamu inafika, mkubwa wa ligi anapanda jukwaani, anataja kijana wa kudaka mpira mbele, mwenye miguu mizuri na meno meupe. Ukumbi unapiga kelele za furaha. Mimi peke yangu hapa Parramatta, na chai yangu imepoa, narusha mto ukutani.

Nitakuwa mkweli, kuna akili ndani yake. Mrushaji mzuri, yule anayeongoza mashambulizi yote, ni adimu. Ukimkosa mwanzoni humpati tena, maana tofauti ya wa kwanza na wa tano ni kama ya daktari na mtu aliyewahi kulazwa. Kwa hiyo anatangulia, hata kwa timu isiyo na beki mmoja wa maana. Kuna pia lile jitu linalolinda mgongo wa mrushaji. Kwenye karatasi limeandikwa upande wa kushambulia, lakini maisha yake yote kazi yake ni kuzuia watu. Huyo ndiye mtu wangu. Upande wa ulinzi, wanaowahiwa ni wale wa kumkimbiza mrushaji wa wenzao. Wale watulivu wa katikati, wanaosoma mchezo, wanaachwa wasubiri. Na ujanja mkubwa kuliko wote ni kujua nani atabaki. Hupotezi nafasi yako ya kwanza kwa mtu ambaye raundi ya tano atakuwa bado amekaa pale pale anakusubiri.

Haya yote nilijifunza kwenye kochi, kwa elimu yangu ya kidato cha nne, na nikawa nayasema kwa sauti ya mtu aliyelipwa kuyasema. Kitu kimoja tu sikukiwazia. Saa saba na nusu, raundi ya kwanza ikiisha, nazima televisheni, navaa viatu, narudi kwenye basi. Raundi ya pili na ya tatu zinakuja Jumamosi asubuhi kwa saa za huku, nami Jumamosi nipo kazini. Zile za mwisho zinakuja Jumapili kabla hakujapambazuka, na mimi kwa usingizi sina utani. Kwa hiyo mwenzenu ni bingwa wa raundi ya kwanza peke yake. Sijawahi hata mara moja kumwona mtu aliyeitwa mwisho ana sura gani.

Sasa, sisi tunaoongea Kiswahili huku tuna bonanza letu la mpira wa miguu, kila mwaka wikiendi ndefu ya mwezi wa sita. Timu zilikuwa za nchi: Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi. Warundi walikuwa wanatufunga kila mwaka, maana wengi wao walikulia kambi moja ya wakimbizi, wanapasiana mpira hata wakiwa wamegeuka. Wakenya wakawa wanakata rufaa. Mwaka juzi rufaa zilifika mahali watu wakanyimana salamu kwenye msiba. Mwaka jana kikao cha kutafuta suluhu kikafanyikia sebuleni kwangu, kwa kuwa mume wangu ni katibu na mimi siendi vikao. Nilileta chai. Kama ningeiweka sinia mezani nikageuka, maisha yangu yangekuwa mengine.

"Changanyeni," nikasema.

Wakanitazama.

"Wachezaji wote arobaini tieni kapu moja. Wateuzi wanne, kila mmoja anachagua mtu mmoja kwa zamu, mpaka kapu liishe. Kama Wamarekani. Hakuna nchi, hakuna rufaa."

Mkongo mmoja, baba wa watu anayeoka mikate, akaweka kikombe chini. "Vraiment, kweli, mama, ile iko wazo ya muzuri sana."

"Poa," akasema Mkenya, kijana wa kompyuta, anayesikiliza huku anachati. "Lakini nani atachagua kwa upande wa Tanzania?"

"Nimesema hakuna upande wa Tanzania."

"Sawa. Nani atachagua kwa upande ambao si wa Tanzania?"

Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. "Yupo hapa," akasema. "Huyu amesomea kwenye kochi. Ana shahada ya mto."

Ndivyo nilivyoteuliwa. Wengine watatu walikuwa yule Mkongo, yule Mkenya, na Mrundi mmoja mkimya ambaye alikubali kwa kutikisa kichwa, na tangu siku hiyo hadi mwisho sikumsikia akisema maneno yanayozidi matano.

Mwezi wa tano akafika baba mkwe kutoka Tanga, kwa viza ya matembezi ya miezi mitatu. Nampenda mzee wangu, lakini ni mtu wa kuhesabu. Anahesabu vituo vya treni, anahesabu mara ngapi jirani amefunga mlango kwa nguvu, anahesabu blanketi na kuniambia ni tatu na bado anasikia baridi. Alikuja kumwona mume wangu, ndivyo alivyosema kwenye fomu. Ukweli alikuja kumkagua mkubwa wake, kaka wa mume wangu, shemeji yangu.

Shemeji ana miaka arobaini na tatu, anaishi peke yake Villawood, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Ni mtu mzuri na mtani wangu wa kudumu. Tukikutana hatujasalimiana bado tumeshatukanana. Jumapili ya kwanza baada ya mzee kufika, shemeji alinifuata jikoni, akafunga mlango, akaanza kumenya vitunguu bila kuombwa. Nikajua kuna jambo.

"Shemeji, uteuzi ni lini?"

"Jumapili ijayo. Unaogopa?"

Hakujibu utani. "Baba hajui kitu changu hapa zaidi ya mpira," akasema. "Nikimwambia kazi yangu, ananiuliza hao wazee hawana watoto wa kuwaogesha? Nikimwambia bado sijaoa, simu inakatika, na mtandao wa Tanga si mbovu kiasi hicho. Mpira tu ndio ananiuliza. Miaka kumi naulizwa, miaka kumi najibu kwamba watu huku wananigombania."

"Wanakugombania?"

"Shemeji."

"Nauliza tu."

"Sasa anakuja ukumbini. Atakaa pale aone kwa macho yake." Akapangusa machozi ya vitunguu kwa kiwiko. "Sitaki kombe. Sitaki hata kucheza dakika zote, goti lenyewe unalijua. Usiniache nikakaa pale kwenye kiti baba ananitazama. Niite mapema."

"Nitakuita."

"Mapema?"

"Mapema, shemeji. Acha kunimalizia vitunguu."

Nilimaanisha. Shida ni kwamba neno mapema lilishakuwa na hesabu zake kichwani mwangu. Shemeji ni mshambuliaji. Zamani alikuwa na mguu wa kushoto wa kutisha, nimeambiwa. Siku hizi anakimbia kama mtu aliyeitwa na bosi asiyempenda. Nikapiga hesabu: nani atamchukua huyu kabla yangu? Hakuna. Basi nina nafasi ya kukusanya ulinzi kwanza, na raundi ya tatu au ya nne namwita, na kati ya watu arobaini hapo bado ni mapema. Kila mtu anafurahi.

Mume wangu alinisoma. "Kaka yangu ni wa kwanza," akaniambia ndani ya gari, siku yenyewe, wakati mzee anahangaika na mkanda nyuma. "Usianze mambo yako."

"Wa kwanza ni beki. Hata wataalamu—"

"Wataalamu wana baba mkwe pale ukumbini?"

"Wachezaji wanakuja na wazazi wao. Wanalia kwa furaha, nimeona."

"Umeona raundi ya kwanza," akasema.

Ningemsikiliza pale, ningeokoa mengi. Sikumsikiliza.

Kwa Wamarekani ukumbini wanaalikwa vijana wachache tu, wale ambao kila mtu anajua wataitwa haraka. Wengine wanasubiri makwao, wanapigiwa simu. Sisi tungewezaje kualika wachache? Umwalike nani, umwache nani, halafu ukutane naye wapi? Tukaalika wote arobaini, na wake zao, na watoto, na mtu yeyote aliyesikia harufu ya pilau. Kamati ikapanga viti arobaini mbele, vimeelekea watu, wachezaji wakakaa pale kama maharusi. Ukiitwa unasimama, unapewa jezi, unavuka kwenda kwa timu yako. Kwa hiyo viti vinapungua, na anayebaki anaonekana zaidi kila dakika. Niliingia, nikaviona vile viti, nikasimama mlangoni. Kisha nikaona majina ya mabeki kwenye orodha, nikasahau.

Baba mkwe alikaa mstari wa mbele wa wageni, blanketi mapajani. Shemeji alikuwa kwenye viti vya wachezaji, kiti cha sita, amenyoa, amevaa shati jeupe. Mume wangu ndiye aliyekuwa na kipaza sauti.

Tulipiga kura ya kupanga zamu. Mkongo wa kwanza, Mkenya wa pili, mimi wa tatu, Mrundi wa nne. Mkongo akasimama akamwita mdogo wake wa kuzaliwa, mpiga chenga. Mkenya akamwita rafiki yake anayekaa naye nyumba moja, naye mshambuliaji. Yule beki wa Kirundi, anayefanya usafi wa maofisi mjini, mpole wa kumpisha hata kuku njia, ambaye kwa miaka mitatu sikuona mtu akimpita, alikuwa bado amekaa!

"Timu ya tatu," mume wangu akasema, akinitazama kwa macho ya mwenye nyumba, "inamchagua..."

Nikamtaja beki.

Watu wakapiga makofi. Shemeji naye akapiga, akanikonyeza hata, kama kusema haya, moja nimekupa.

Raundi ya pili zamu ikanifikia, na kipa bora kuliko wote yuko kitini anatafuna karanga. Jamani, kipa! Hivi hao wenzangu walikuwa wanaangalia nini? Wameshachukua washambuliaji watano kati yao, wanagombania watu wa kufunga magoli kama vile magoli yanafungwa kwenye nyavu tupu. Mume wangu akaninong'oneza "mama watoto", akasahau kipaza sauti kiko mdomoni, ukumbi mzima ukaitwa mama watoto.

"Kipa," nikasema.

Raundi ya tatu nilikuwa macho. Nilijiapia, mtu akimsogelea tu shemeji, namchukua zamu inayofuata. Mkongo akamtazama shemeji. Akanitazama mimi. Akamtazama baba mkwe. Kisha akataja mtu mwingine. Mkenya akafanya vile vile, mitazamo mitatu, mtu mwingine. Nikafurahi, mjinga mimi! Nikasema moyoni hesabu zinakubali. Nikachukua beki wa pili, Mkongo mrefu wa kuruka vichwa.

Raundi ya nne ndiyo sijisamehe. Nilishafungua mdomo nimwite shemeji, mdomo wazi kabisa, nikamwona yule kiungo mkabaji wa Kikenya bado yupo. Ndiye yule wa katikati, mtulivu, anayesoma mchezo, ambaye wajinga wanamwacha asubiri. Miaka yote nimewarushia mto watu wanaomwacha huyu. Leo amekaa mbele yangu, na mimi ndiye mwenye zamu.

Nikamtaja. Mume wangu aliutamka ule uteuzi kama anasoma tangazo la kifo.

Hapo nikatazama viti. Shemeji hakuwa anapiga makofi tena. Mikono ilikuwa juu ya magoti, imetulia, na kulia kwake viti vinne vilikuwa vitupu. Nikatazama upande wa pili, nikamwona baba mkwe. Vidole vya mkono wake vilikuwa vinakunjuka kimoja kimoja juu ya blanketi.

Mkenya akanisogelea. "Madam," akasema kwa sauti ya chini, "mchukue huyo buda, shemeji wako, basi. Tunakuachia tangu kitambo."

"Mnaniachia?"

"Sasa mimi nitamchukuaje shemeji wa mtu, babake amekaa pale? Si hayo ni matusi? Tulikubaliana wote, huyo ni wako."

Walikuwa wanampisha kwa heshima. Watatu hao, kwa adabu zao za Lubumbashi, Nakuru na Bujumbura, walikuwa wamezuia mikono yao raundi nne wasinivunjie nyumba, na kutoka kwenye viti vya wageni ilionekana mtu mzima amekaa pale na hakuna anayemtaka. Ningeweza kumwita wa arobaini, wangemwacha hadi wa arobaini. Hesabu zangu zilikuwa sahihi kabisa. Ndizo zilizokuwa zinamvua nguo mtu mbele ya baba yake.

"Raundi ya tano," mume wangu akaanza, "timu ya kwan—"

Nikasimama. "Namchagua shemeji yangu!"

Shemeji akanyanyuka nusu.

"Si zamu yako," mume wangu akasema kwenye kipaza sauti, kwa huzuni.

Watu wakacheka. Walicheka vizuri tu, wanawacheka watu wanaowapenda, lakini shemeji ilibidi akae tena. Mpaka leo nikikumbuka alivyokaa, anatafuta kiti kwa mkono nyuma yake, nazima redio ya basi. Mkongo akachagua haraka haraka mtu yeyote. Mkenya naye. Kisha nikamwita, kwa sauti kubwa kupita kiasi, nikaongeza na cheo, mshambuliaji wetu mkuu, nikapiga makofi peke yangu muda mrefu kuliko inavyofaa. Alikuja, akapokea jezi, akanishika mkono bila kunitazama.

"Mapema, eh?" akasema.

Pilau sikuila. Mimi, pilau!

Kurudi nyumbani niliendesha mimi, kama kawaida, maana mume wangu anasema nikiwa abiria nafunga breki kwa mguu hewani. Yeye alikaa kando yangu ananuna. Nyuma mzee na shemeji, jezi imekunjwa katikati yao. Tukafika taa nyekundu ya kwanza.

"Mama," baba mkwe akasema.

"Abee, baba."

"Wale wanne uliowatanguliza. Ni ndugu zenu?"

Nikajua yamefika. "Hapana, baba. Mmoja Mrundi, kipa naye Mrundi, mmoja Mkongo, mmoja Mkenya."

"Nilijua," akasema. Taa ikawaka kijani, nikaondoa gari. "Nimewahesabu wote leo. Yule wa mikate kaanza na mdogo wake. Yule kijana wa simu kaanza na rafiki yake. Watu wazima, ukumbini, wageni wamejaa, wanajipakulia wao kwanza. Nimeona aibu kwa niaba yao."

Mume wangu akageuza shingo polepole.

"Wewe umewapakulia wageni," mzee akaendelea. "Mrundi, Mkongo, Mkenya, wote wamepata, ndipo ukamwita wa nyumbani. Na ulipoona chakula kinaelekea kwisha, ukaruka zamu kumwita, usije ukamlaza njaa. Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikasema, hapa mwanangu ana nyumba ya kukaa."

"Baba," nikasema, "mimi nilikuwa naangalia mabeki—"

"Usijisifu," baba mkwe akanikata. "Umesifiwa, inatosha."

Nikatazama kioo. Shemeji alikuwa ananiangalia humo kiooni, na ndani ya macho yale kulikuwa na mtu aliyeokolewa, na papo hapo ananidai. Mzee akamwekea mkono begani. Kisha akatoa simu, akaishika mbele ya mdomo kama kipande cha muhogo, akaanza kutuma ujumbe wa sauti Tanga, mmoja mmoja, kwa dada zake, kwa imamu, kwa jirani wa nyuma. Kila mmoja alianza upya kwenye kiti cha kwanza. Tulipofika nyumbani ukoo mzima ulikuwa na habari kwamba mwanawe mkubwa huku ndiye mwenye nyumba, wageni hawali mpaka yeye aridhie.

Mchana huo huo shemeji akanifuata jikoni. Safari hii hakumenya kitu.

"Mimi na wewe tunajua," akasema.

"Nakuomba radhi, shemeji. Kwa kweli."

"Watu kumi na nane. Nilikaa pale nikawahesabu. Nimerithi."

Ulimi wangu ukaanza kujinyoosha wenyewe. Ulitaka kumweleza kwamba hakuna hata mmoja ambaye angemchukua, kwamba kitaalamu kungoja ilikuwa sawa. Nikaumeza. Ni mara ya kwanza kuufunga kwa hiari yangu na sikufurahia.

"Nitasahihisha vipi?"

Alishajiandaa. Alinyoosha kidole kama anasoma mashtaka. "Mazoezi. Jumapili tatu, saa nne asubuhi. Utakuja."

"Mimi? Nje?"

"Nje. Na baba utamleta. Na mbele yake, wewe mteuzi, utaniuliza mimi timu ipangwe vipi. Kwa sauti. Nitajibu, na wewe utafuata."

"Kila kitu?"

"Kila kitu, shemeji. Usibishe hata nukta."

Jumapili ya kwanza upepo ulikuwa unakata masikio. Nilikuwa nimevaa makoti mawili na zile soksi zangu ndani ya viatu vya mvua. Uwanjani kulikuwa na tope la kutosha kulima mpunga. Baba mkwe alikaa kwenye kiti cha kukunja, blanketi la nne begani. Wachezaji wangu wakajipanga mbele yangu: beki wangu, kipa wangu, mrefu wangu, mkabaji wangu, ulinzi ambao watu wenye suti wangeulilia. Nikasafisha koo.

"Shemeji," nikasema, mzee asikie, "wewe unaonaje? Tupangeje?"

Shemeji akafikiri. Alifikiri muda mrefu, mikono kiunoni, kila mtu anamngoja, na nilimwona mzee akijiinua kidogo kwenye kiti ili asikose. Kisha akatembea kwenye mstari, akamshika bega yule Mrundi mpole, chaguo langu la raundi ya kwanza, beki asiyepitwa na mtu.

"Huyu," akasema, "namtaka mbele, acheze na mimi ushambuliaji. Na huyu mrefu naye apande. Timu yetu inazuia mno. Tutafunga lini?"

Mrundi akanigeukia, ameshangaa, ananiuliza kwa macho. Mume wangu alikuwa anatazama mawingu. Baba mkwe alikuwa tayari ameshatoa simu.

Meno yangu yalikuwa yanagongana. Nikasema ni baridi.

"Sawa, shemeji," nikasema. "Nendeni mbele."